Kusomea Ufundi wa Magari Malindi na Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo wazazi, vijana waliomaliza shule na mafundi wa jua kali wa Malindi na Lamu huyarudia kila muhula wa usajili unapokaribia. Yamepewa nambari ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine bila kurudia yaliyokwisha kuelezwa.

## Mambo ya msingi

1. Chuoni hufundishwa nini hasa?

Mafunzo huanza na usalama wa karakana, vifaa vya mkono na vya kupimia, kisha huingia katika injini ya petroli na ya dizeli, mfumo wa mafuta, mfumo wa kupoza, klachi na gia boksi, breki, usukani na springi, halafu umeme wa gari: betri, stata, altaneta, taa na mfumo wa kuwasha injini. Katika viwango vya juu huongezwa mifumo inayoendeshwa kwa kompyuta, sensa zake, na kutafuta hitilafu kwa skana. Kiyoyozi cha gari nacho hufundishwa, na kwa joto la pwani hakuna mteja atakayekusamehe usipokijua.

Pamoja na hayo, mwanagenzi husoma hisabati ya ufundi, michoro ya kiufundi, mawasiliano, matumizi ya kompyuta na ujasiriamali. Wengi huyaona masomo haya kuwa ya kujazia ratiba. Lakini anayefungua gereji yake bila kujua kuandika makadirio ya gharama, wala kutenganisha pesa ya vipuri na ya ufundi, hugundua upesi kwamba kazi ipo na faida haipo.

2. Kuna tofauti gani kati ya kusoma chuoni na kuingia gereji moja kwa moja kama spanaboi, yaani msaidizi wa fundi?

Gereji hukupa wepesi wa mkono. Spanaboi aliyekaa mwaka mmoja kando ya fundi mzuri anaweza kushusha gia boksi huku mwanagenzi wa chuo bado anatafuta soketi. Hilo ni kweli, na si haki chuo chochote kujifanya hakilioni.

Kinachokosekana gerejini mara nyingi ni sababu ya jambo. Fundi hukuambia ubadilishe kifaa fulani kwa kuwa gari la juzi lilikuwa na mlio kama huo, na mara nyingi huwa amepatia; asipopatia, mteja hulipia kifaa ambacho hakikuwa kibovu. Chuo kinachofundisha vizuri hukuzoesha kupima kabla ya kubadilisha, na kujua kipimo hicho kilipaswa kusoma nini gari likiwa zima. Mfano kamili umeelezwa katika swali la 8. Anayeweza kuviunganisha viwili hivi, yaani kusoma siku za chuo na kushika spana gerejini wakati wa likizo, ndiye hutoka akiwa fundi kamili.

3. Nijiunge na kituo cha kaunti au chuo cha serikali ya kitaifa?

Vituo vya mafunzo ya ufundi stadi, vile ambavyo wazee bado huviita politekiniki za vijana, vimekuwa chini ya serikali za kaunti tangu ugatuzi ulioletwa na Katiba ya 2010. Aghalabu viko karibu na nyumbani, hufundisha viwango vya chini, na mkazo wake ni kazi ya mkono. Vyuo vya kiufundi na politekiniki za kitaifa, kama vile Kenya Coast National Polytechnic iliyoko Mombasa, viko chini ya serikali ya kitaifa na hufika hadi diploma.

Usichague kwa jina. Nenda ukaitazame karakana siku ya masomo. Hesabu injini zinazoweza kuwashwa, si zile zilizopakwa rangi na kupangwa mezani. Uliza kama kuna skana inayofanya kazi, lifti au angalau jeki na stendi za kutosha, na wanagenzi wangapi hugawana injini moja. Ukikuta ovaroli zote zimeng'aa kwa usafi katikati ya muhula, una haki ya kushuku.

## Kujiunga na gharama

4. Ninahitaji alama gani?

Katika mfumo wa umilisi, yaani wa kupima uwezo wa kufanya kazi, unaotumika sasa nchini Kenya, kiwango cha 6, ambacho ni cha diploma, huhitaji alama ya wastani ya C- katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Kiwango cha 5 huhitaji D, na kiwango cha 4 huwapokea wenye D- au E. Kiwango cha 3 kiko wazi kwa asiye na cheti cha sekondari. Maombi ya vyuo vya kitaifa hupitia KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, ilhali vituo vya kaunti huandikisha wenyewe.

Anayeanzia chini hafungiwi huko. Aliyefuzu kiwango cha 4 anaweza kuendelea na cha 5, kisha cha 6, na mara nyingi huwa na mkono imara kuliko aliyeruka moja kwa moja hadi diploma.

5. Ada pekee inatosha?

Haitoshi. Barua ya kujiunga huonyesha ada, lakini mzazi ajiandae pia kwa ovaroli, buti ngumu za usalama, chakula na malazi kama chuo kiko mbali, na nauli ya kipindi cha mafunzo ya kazini (swali la 13). Kwa upande wa msaada, mikopo ya HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hutolewa kwa wanagenzi wa vyuo vya kiufundi wala si wa vyuo vikuu peke yake, na kuna basari za kaunti na za hazina ya eneo bunge. Fomu za basari huwa na tarehe zake za mwisho, na anayesubiri mpaka ahitajike kulipa ndipo aanze kutafuta sahihi ya chifu hukuta dirisha limefungwa.

Usikimbilie kununua sanduku zima la vifaa mwaka wa kwanza. Anza na spana za milimita 8 hadi 19, bisibisi, koleo, na mita ya kupimia umeme ya bei nafuu. Seti kubwa inayong'aa dukani huku ikiuzwa kwa bei ya kutupa hupasuka soketi kwenye nati ya kwanza iliyoshikwa na kutu, na Malindi nati za namna hiyo si haba.

6. Hisabati na Kiingereza changu ni dhaifu. Nitaweza?

Hisabati inayohitajika ni ya kugawanya, kuzidisha, asilimia, desimali na kubadilisha vipimo, na kwa viwango vya juu kanuni chache za fizikia. Kiingereza kinahitajika zaidi kwa kuwa tathmini na miongozo ya watengenezaji huandikwa kwa lugha hiyo, ingawa mazungumzo ya karakanani ni Kiswahili mtindo mmoja. Mwanagenzi anayeweka daftari la msamiati na kulisoma kila jioni huwafikia wenzake kabla ya mwaka kwisha.

## Ndani ya karakana

7. Tunatahiniwa vipi?

Umilisi hupimwa somo kwa somo. Mwanagenzi hupewa kazi halisi, kwa mfano kubadilisha padi za breki na kutoa hewa kwenye mfumo, huku mkadiriaji akitazama hatua, usalama na matokeo. Anayefikia kiwango huandikwa kuwa amefuzu, na asiyefikia huandikwa kuwa bado hajafuzu na hupewa nafasi ya kurudia sehemu hiyo. Hakuna kuficha udhaifu wa somo moja kwa alama za somo jingine, na hapo ndipo wengi waliozoea mitihani ya sekondari hushtuka.

Kila kazi uliyoifanya huhifadhiwa kwenye jalada la ushahidi: karatasi za kazi, picha, sahihi za mkufunzi. Lipange mapema. Jalada linalokusanywa usiku wa kuamkia tathmini hujulikana kwa kulitazama tu.

8. Kwa nini wakufunzi wanasisitiza mita hata kwa gari ambalo kosa lake linaonekana wazi?

Kwa sababu kosa linaloonekana wazi ndilo linalogharimu zaidi. Chukua gari aina ya Probox lililosukumwa hadi karakanani: ukizungusha ufunguo, stata inatoa mlio mmoja wa "tak" na injini haizunguki. Katika hali hii wengi hununua betri, na gari likikataa bado, hununua stata.

Mwanagenzi aliyefundishwa huweka mita kwenye volti na kupima betri gari likiwa limezimwa. Inasoma 12.6, ishara kwamba betri imejaa. Lakini hilo halitoshi, kwa hivyo anaipima tena huku mwenzake akizungusha ufunguo, na inabaki juu ya 11. Betri iliyokufa ingeporomoka, na taa za mbele zingefifia; hizi hazikufifia. Sasa anagusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na ya pili kwenye chuma cha injini, na kumwomba mwenzake azungushe tena. Waya wa athi, yaani unaounganisha kichwa hasi cha betri na chuma cha injini, ukiwa mzima hauonyeshi zaidi ya takriban volti 0.2 kati ya nukta hizo mbili. Mita inasoma volti 4. Umeme uliokusudiwa stata unapotelea njiani, kwenye waya au kwenye viungo vyake.

Anafungua bolti inayoshikilia waya huo kwenye injini na kukuta vumbi la kijani na kutu chini ya kichwa chake, kazi ya hewa ya bahari. Anausugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, anaikaza bolti, anapaka grisi juu ili chumvi isirudi upesi, na kupima mara ya mwisho. Gari linawaka. Gharama yake ni kipande cha msasa na nusu saa.

Mantiki hiyo hiyo hutumika kwa skana. Msimbo P0171 husema kwamba kompyuta imeona hewa nyingi mno ikilinganishwa na petroli. Hausemi kwamba sensa ya oksijeni ni mbovu. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, pampu dhaifu ya mafuta au nozo zilizoziba. Skana hukuonyesha mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe.

9. Hatari kubwa zaidi karakanani ni zipi?

Ya kwanza ni kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Kinachoshikilia ni stendi. Hili halina mjadala wala haraka ya mteja hailiondoi.

Ya pili huwapata wa dizeli. Katika injini za kisasa za dizeli, mafuta husukumwa kwenye nozo kwa shinikizo linaloweza kupita baa 1,600, na mchirizi mwembamba unaovuja hupenya ngozi. Usitafute uvujaji kwa kidole. Tumia kipande cha kadibodi. Aliyepenywa na mafuta hukimbizwa hospitali hata kama jeraha ni tundu dogo lisilouma, kwa maana madhara yake yako ndani.

Vumbi la breki halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa, hasa la viatu vya breki vya zamani ambavyo huenda vikawa na asbesto. Radieta yenye moto haifunguliwi. Oili chafu haimwagwi mtaroni, kwani mitaro ya Malindi huishia baharini, na mvuvi hana kosa lolote katika jambo hili.

10. Gari la pwani lina matatizo gani ambayo vitabu havisisitizi?

Kutu imekwisha kutajwa katika swali la 8, na huathiri zaidi viungo vya umeme, mabomba ya breki na bolti za egzosi. Magari yanayofanya kazi karibu na viwanda vya chumvi vya Gongoni huliwa upesi zaidi, na kuyaosha chini kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, ni sehemu ya matengenezo kama ilivyo kubadilisha oili.

Jambo la pili ni unyevu ndani ya mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini kiwango chake cha chini kinachokubalika yakishanyonya maji ni nyuzi 140. Yakichemka huzaa mvuke, na mguu wa dereva huzama hadi sakafuni bila gari kushikika. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa na kusahauliwa rafuni miezi kadhaa haitiwi kwenye gari la mtu.

11. Malindi imejaa tuktuk. Je, nazo zinafundishwa?

Kanuni zote ni zile zile, na injini ya silinda moja yenye ujazo wa takriban sentimita za ujazo 200 ni darasa zuri kwa anayeanza: unaweza kuifungua, ukaona pistoni, ringi na vali, ukaifunga na kuiwasha kabla ya alasiri. Chuo kikikosa tuktuk, zitafute kwenye atachi, yaani mafunzo ya kazini (swali la 13). Wenye tuktuk hulipa kidogo kwa kila kazi lakini hurudi mara nyingi, kwa sababu chombo kisipotoka barabarani nyumbani hakuna chakula, na fundi anayekimaliza siku hiyo hiyo hakosi wateja.

12. Magari ya haibridi na ya umeme yataua kazi hii?

Hayataiua; yataibadilisha. Bado yana breki, springi, usukani na matairi, na haibridi ina injini ya petroli pia. Tofauti kubwa ni hatari. Betri kuu ya haibridi nyingi aina ya Prius ina takriban volti 200, na magari ya umeme mengi hukaribia 400 au zaidi, kiasi cha kuua. Nyaya zake hufunikwa kwa rangi ya machungwa ili zionekane. Kabla ya kuzigusa, mfumo huzimwa, plagi ya usalama huchomolewa, husubiriwa kwa dakika zilizoandikwa kwenye mwongozo ili umeme uliobaki uishe, kisha hupimwa ukiwa umevaa glavu maalumu za mpira. Asiyefundishwa kazi hii asiijaribu kwa kutazama video.

## Atachi, vyeti na kazi

13. Atachi hufanywa wapi, na nitalipwa?

Mafunzo ya kazini, au atachi, hufanywa katika gereji, karakana za kampuni za mabasi, idara za serikali zenye magari, au hoteli zenye msafara wake wa magari. Malipo si haki ya lazima. Baadhi ya waajiri hutoa nauli na chakula, wengine hawatoi chochote.

Peleka barua mapema, nawe mwenyewe ukiwa umevaa kwa heshima. Jaza kitabu cha kumbukumbu kila siku kabla ya kuvua ovaroli, uandike gari, dalili, ulichopima na ulichobadilisha. Kuandika "nilisaidia fundi" siku tano mfululizo hakumwambii mkaguzi lolote.

14. Cheti cha NITA kina tofauti gani na cha chuo?

Majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, huwa na madaraja matatu, kuanzia la III hadi la I, na humpima mtu uwezo wake wa kazi bila kujali aliupata wapi. Kwa hiyo hata fundi wa jua kali asiyewahi kukaa darasani anaweza kuyafanya. NITA ina kituo mjini Mombasa. Waajiri wengi wa viwandani huvijua vyeti hivi kwa muda mrefu, na si vibaya mwanagenzi wa chuo kuwa navyo vyote viwili.

15. Kazi zenyewe ziko wapi?

Gereji ndogo ndizo nyingi zaidi. Baada yake kuna kampuni za mabasi na malori ya njia ya Mombasa, viwanda vya chumvi, hoteli na kampuni za utalii, kaunti yenyewe yenye ambulensi na matrekta, na bandari mpya ya Lamu iliyofungua gati lake la kwanza mwaka 2021. Mombasa kuna kiwanda cha kuunganisha magari cha AVA. Mwenye umahiri wa umeme wa gari na kiyoyozi hupata kazi mapema kuliko mwenye injini peke yake, kwa kuwa wengi bado huzikwepa nyaya.

## Hali zisizo za kawaida

16. Naishi kisiwani Lamu, ambako magari ni machache mno. Nitafaidika?

Utafaidika, ila ujue kazi itakuwa wapi. Magari yako ng'ambo: Mokowe, Hindi, Mpeketoni, Witu na bandarini. Kisiwani riziki iko kwenye mashine za boti, na aliyesoma injini huzielewa kwa haraka. Mashine nyingi za boti zenye mipigo miwili huchanganya petroli na oili, na fundi husoma uwiano kwenye mwongozo wa mashine husika badala ya kukisia kwa macho. Baada ya safari hupitishiwa maji baridi ili chumvi isizibe njia za kupozea. Jenereta za nyumba za wageni nazo zinahitaji mtu asiyelazimika kuitwa kutoka Mombasa.

17. Binti yangu anataka kusomea umakanika. Ataweza, na vipi kuhusu hijabu?

Ataweza. Kazi nzito hufanywa kwa jeki, kreni na nondo ya kuongezea urefu wa spana, si kwa kifua. Hijabu fupi iliyobana, ncha zake zikiwa zimeingizwa ndani ya ovaroli, ni salama. Kinachokatazwa ni nguo yoyote inayoning'inia karibu na mkanda au feni ya injini, na sharti hilo linawahusu wavulana wenye shati nje vilevile. Mzazi aulize kuhusu vyoo, mahali pa kubadilishia nguo na mabweni kabla ya kulipa, na amtembelee mwenye gereji binti anapokwenda atachi.

18. Ninachanganya rangi, hasa nyekundu na kijani. Nitaweza?

Kazi za injini, breki na springi hazitakusumbua. Kwenye umeme, michoro hutambulisha nyaya kwa herufi za rangi. Kwa Toyota, kwa mfano, W-B ni waya mweupe wenye mstari mweusi, na kwa kawaida ni wa athi. Mwambie mkufunzi mapema, na ujizoeze kufuata waya kwa nambari ya pini na kwa mita badala ya jicho.

19. Nimefanya kazi miaka mingi bila cheti. Lazima nianze upya?

Si lazima. Mbali na majaribio yaliyotajwa katika swali la 14, Kenya ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo fundi huleta ushahidi wa kazi zake, hutazamwa akifanya kazi na kuhojiwa. Panapoonekana pengo, na kwa mafundi wengi wakongwe pengo huwa umeme, husomea sehemu hiyo tu.

20. Nataka kwenda kufanya kazi Ghuba. Nianzie wapi?

Anza na vyeti halisi na rekodi ya kazi. Hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usisaini mkataba usiosema mshahara, saa za kazi na anayelipa tikiti. Wakala anayetaka pesa kabla ya kukuonyesha mkataba si wa kungojewa.

21. Je, fundi lazima awe na leseni ya udereva?

Unaweza kusoma na kufuzu bila leseni. Lakini breki haijathibitishwa mpaka gari litoke nje, na huruhusiwi kulijaribu barabarani bila leseni ya aina ya gari hilo. Umri wa kuanzia ni miaka 18. Mwanagenzi asiye nayo hukaa kiti cha abiria na kusikiliza, na mkufunzi au fundi mkuu huendesha.